Plagi ya Pini Tatu: Ilikotoka na Inavyomlinda Msafiri

Plagi ya pini tatu bapa, inayotumika Kenya, Uganda, Tanzania na Oman, ni zao la Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 iliundwa kamati ya kupanga jinsi nyumba za baada ya vita zitakavyotiwa umeme. Mwanamke pekee katika kamati hiyo alikuwa Caroline Haslett, mhandisi wa umeme na mtetezi wa usalama wa majumbani. Mwaka 1947 kikatoka kiwango cha plagi hiyo, BS 1363.

Shaba ilikuwa haba. Ili kubana matumizi ya waya, soketi nyingi ziliwekwa kwenye mzunguko mmoja wa ampea 30, umeme unaotosha kuunguza waya mwembamba wa taa kabla fyuzi kuu haijakatika. Ndiyo maana kila plagi ilitiwa fyuzi yake. Pini ya waya wa ardhi nayo ilifanywa ndefu kuliko nyingine, itangulie kuingia na kusukuma vifuniko vinavyoziba matundu yenye umeme, mtoto asipenyeze kitu humo.

Kwingineko mambo yalikwenda tofauti. Marekani, ambako Harvey Hubbell alipata hataza ya plagi mwaka 1904, ilibaki na pini bapa na umeme wa volti 120. Kongo ilifuata Ubelgiji: pini mbili za mviringo. Nyumba zilipokwisha kufungwa nyaya, kubadili kukawa gharama kubwa mno, na tofauti hizo zikadumu.

Afrika Mashariki, mwenye chaja ya pini mbili mara nyingi huchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili vifuniko vifunguke. Chaja huwaka, lakini pini zake hulegea na kutoa cheche, na plagi hiyo haina fyuzi. Kinga zote mbili zimepotea.

Adapta hurekebisha umbo tu, haipunguzi volti. Chaja iliyoandikwa 100–240V hufanya kazi popote, ila kikausha nywele cha volti 120 kikiwekwa kwenye 240 huvuta nguvu takriban mara nne na kuungua. Msafiri asome kwanza maandishi ya kifaa chake, kisha anunue adapta yenye fyuzi, na kalamu aiachie kazi ya kuandika.