Homoni za utumbo: ujumbe wa dakika mbili

Chakula kinapofika katika utumbo mwembamba, chembe maalumu zilizo katika ukuta wake hutoa homoni zinazoingia katika damu. Mojawapo, ijulikanayo kama GLP-1, huchochea kongosho kutoa insulini, hupunguza mwendo wa chakula tumboni na kuujulisha ubongo kwamba mtu ameshiba.

Homoni hiyo haidumu. Kimeng'enya kiitwacho DPP-4, kilicho katika kuta za mishipa midogo ya damu na katika damu yenyewe, huzikata asidi amino mbili za mwanzo wa mnyororo wake, nayo hupoteza nguvu. Nusu yake huharibiwa katika muda wa dakika mbili hivi, na mabaki huondolewa hasa na figo. Hivyo ujumbe wa mlo mmoja hauendelei baada ya mlo huo kumalizika.

Utaratibu huo, ulio na manufaa kwa mwili, uliwatatiza watafiti wa kisukari. Mgonjwa akidungwa homoni yenyewe, hutoweka kabla ya kumsaidia. Mwaka 1992 Dakta John Eng wa New York na wenzake walitangaza kwamba katika sumu ya mjusi wa Gila wamegundua kemikali inayofanana na GLP-1, ambayo DPP-4 hushindwa kuikata kwa urahisi.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ambayo makao yake makuu yako Maryland katika wilaya ya Montgomery, ulipo pia mji wa Germantown karibu na Washington, iliidhinisha dawa iliyotokana na ugunduzi huo, exenatide, mwezi Aprili 2005. Oktoba 2006 iliidhinisha sitagliptin, kidonge kinachokizuia kimeng'enya chenyewe. Semaglutide ilifuata Desemba 2017. Mnyororo wake umebadilishwa pale panapokatwa, na umeunganishwa na mafuta yanayoshikamana na protini ya damu; nusu yake hudumu kwa takriban wiki moja.

Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza semaglutide na dawa nyingine za kundi hilo katika orodha ya dawa muhimu, huku likieleza kwamba bei kubwa inawazuia wengi kuzipata.

Madaktari hawashauri sindano za kundi hili zitumiwe pamoja na vidonge vya kuzuia DPP-4, kwani faida haiongezeki. Wala hazichukui nafasi ya insulini kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza: kwake, kuiacha insulini ni kuhatarisha maisha.