Ruta pepe

Ruta pepe ni programu inayofanya kazi ya ruta, yaani kuelekeza vifurushi vya data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, ikiwa ndani ya kompyuta ya kawaida badala ya kifaa maalumu. Katika maabara hutumika kujaribu mipangilio kabla ya kuipeleka kwenye mtandao unaotegemewa na watu.

Miongoni mwa programu hizo ni Dynamips, kiigizo cha ruta za Cisco kilichoanzishwa na Christophe Fillot mwaka 2005. VyOS, iliyotokana na Vyatta mwaka 2013, ni programu huria. Cloud Hosted Router ya MikroTik ina leseni ya bure inayobana kila kiunganishi kwa megabiti 1 kwa sekunde: haba kwa kazi, tosha kwa jaribio.

Ili kuendesha ruta ya namna hii, mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta halisi, huundwa kwa programu kama VirtualBox au KVM, kisha hupewa angalau kadi mbili za mtandao: moja ya kutokea nje, nyingine ya mtandao wa ndani uliofungwa. Hatari kubwa ni kuunganisha upande wa ndani na mtandao halisi. Hapo huduma ya DHCP ya maabara yaweza kugawia kompyuta za ofisi anwani zisizofaa.

Kwa mji kama Likasi, mkoani Haut-Katanga, njia hii hupunguza haja ya kuagiza vifaa: kompyuta mpakato moja hubeba ruta kadhaa, na programu zikishapakuliwa jaribio halihitaji intaneti. Hata hivyo, ruta pepe haionyeshi kasi ya ruta halisi yenye chipu maalumu za kupitisha data.