Wazimu uliotoka shingoni

Juma hili, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya tezi ndogo iliyoko shingoni, mbele ya koo, ambayo imewahi kuwapeleka watu katika hospitali za wendawazimu pasipo sababu.

Tezi hiyo, thairoidi, hutengeneza homoni inayouendesha mwili kwa kasi yake ya kawaida. Ikilegea, kila kitu hulegea. Mtu huona baridi wenzake wakitokwa jasho, ngozi hukauka, uso huvimba, sauti hukwaruza. Akili nayo hupunguza mwendo. Husahau, hununa, hulala mno, na nyumbani huambiwa kuwa ni mvivu. Wachache huenda mbali zaidi: husikia sauti zisizokuwepo, au huamini kwamba jirani anataka kuwatilia sumu.

Haya si mambo mapya hata kidogo. Mwaka 1873 William Gull, daktari wa London, aliwaeleza wanawake waliopoozwa hivyo mwili na akili. Mwaka 1888 kamati ya madaktari wa jiji hilohilo ilitoa taarifa juu ya wagonjwa 109, na karibu nusu yao walikuwa wamepatwa na mawazo ya uongo au kuona visivyoonekana.

Dawa haikuchelewa. Mwaka 1891 George Murray, daktari kijana wa Newcastle, alimdunga mwanamke wa miaka 46 sindano ya maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Mama yule akapata nafuu. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba hata sindano si lazima, kwani tezi ikiliwa inatosha. Aliendelea na dawa hadi alipofariki mwaka 1919, akiwa na miaka 74, na kwa jumla alikuwa ametumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Nimepiga hesabu: ni kama kondoo 31 kwa mwaka. Wako wanaokula zaidi ya hao bila ugonjwa wowote.

Basi ugonjwa ulijulikana, na dawa ilikuwepo. Mwaka 1937 A. J. Cronin, aliyekuwa daktari kabla ya kuwa mwandishi, aliandika katika riwaya yake ya The Citadel kisa cha daktari anayeitwa kuidhinisha mtu apelekwe kwa wendawazimu, akakataa, maana ameona tatizo ni tezi. Wasomaji wa riwaya wakawa wamejua.

Lakini mwaka 1949, miaka 61 baada ya ile taarifa ya kamati, Richard Asher wa hospitali ya Central Middlesex, London, alilazimika kulieleza jambo hilo upya katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alikuwa na wagonjwa 14 waliorukwa na akili kwa sababu ya tezi. Aliwapa dawa ya tezi, na tisa wakapona kabisa. Hakupamba maneno, katika kichwa cha makala yake aliuita ugonjwa huo wazimu, waziwazi.

Kwa nini ilisahauliwa? Mimi naona sababu ni hii: mtu akishapewa jina la mwendawazimu, hakuna tena anayemgusa ngozi aone kama imekauka, wala anayeuliza sauti yake ilikuwaje mwaka jana. Maneno yake ya ajabu humeza kila dalili nyingine. Kwetu sisi huongezwa na jini au mkono wa mtu, na miezi inapita kwa mganga huku tezi ikizidi kuzorota.

Sitaki mtu adhani kuwa kila huzuni au kila kichaa ni thairoidi. Wengi wana maradhi mengine kabisa. Hata hivyo siku hizi hatuhitaji kondoo. Kipimo cha damu kinatosha kuonyesha, na dawa ni kidonge cha thairoksini, kimoja kila siku, aghalabu kwa maisha yote. Mwenye mgonjwa wa akili aliyenenepa ghafla, anayejifunika blanketi mchana na ambaye sauti yake imekuwa nzito, anaweza kumwomba daktari kipimo hicho hata kesho asubuhi.