Nani Aliyeshika Mpini?

Katika mazungumzo ya siasa tumezoea kusema kwamba fulani ameshika mpini na mwenzake ameshika makali. Juma hili naomba, msikilizaji, tuutazame mpini wenyewe, maana una historia inayotuhusu.

Mji wa Sheffield, Uingereza, ni mji wa visu tangu zamani. Chama cha mafundi visu wake kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624. Katika karne ya 19 wenye nacho wa Ulaya na Marekani walitaka visu vya mezani vyenye mipini ya pembe za ndovu, na kampuni ya Joseph Rodgers ya mjini humo ilisifika kwa ghala lake la pembe.

Sehemu ya pembe za biashara hiyo ilitoka kwetu. Zilibebwa mabegani kutoka bara, zikapita Tabora hadi Bagamoyo, zikavuka kwenda Unguja, na huko zikapakiwa kwenda Bombay na London. Wako wanaodhani kuwa wapagazi wote walikuwa watumwa. Sivyo. Watumwa walikuwamo, lakini wengi walikuwa Wanyamwezi huru waliotembea kwa miezi kadhaa kwa ajili ya ujira.

Sasa tulifuate jino hilo hadi kwenye meza ya fundi. Tunaliita pembe, lakini ni jino. Limepinda, lina mviringo, na upande wa mzizi lina uwazi ndani. Mpini unataka kinyume cha hayo yote. Fundi alilikata kwa msumeno katika vipande vya urefu wa mpini, akavipasua kwa kufuata urefu wa jino na kuliondoa gome lake. Kisha alisawazisha uso mmoja kwa tupa mpaka ukawa bapa kabisa, na kwa uso huo akazipima pande nyingine mpaka kipande kikawa mraba.

Kazi hiyo haikuwa ya urembo. Kipande kikikaa upande, keekee nayo huenda upande, na tundu la kuingizia mkia wa kisu hutokea ubavuni. Pale ambapo mpini ni vibao viwili vilivyobana chuma kwa ribiti, kibao kisichokuwa bapa huacha mwanya. Maji huingia, chuma hushika kutu, kutu huvimba na mpini hupasuka. Tena visu viliuzwa kwa dazani, na mipini yote ilipaswa kufanana.

Kwa hiyo kila mpini ulionyooka ulitoka katika jino lililopinda, na tofauti kati ya hivyo viwili iliishia kuwa vipande na unga sakafuni. Masalio hayakutupwa ovyo: mengine yalichomwa yakawa rangi nyeusi ya wachoraji. Hata taka ya ndovu wetu iliwapatia wengine fedha.

Baadaye seluloidi na plastiki zilichukua nafasi ya pembe kwenye visu, ila uwindaji haukukoma. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza pembe za ndovu zipigwe marufuku katika biashara ya kimataifa, na pendekezo likapita. Uingereza ilitunga sheria yake kali ya pembe mwaka 2018, ikaanza kutumika mwaka 2022.

Vitabu vyetu vya historia vinatueleza habari za misafara mpaka pwani, kisha vinanyamaza. Mimi naona somo kubwa liko ng'ambo. Sisi tulitoa ndovu na mabega; tupa, keekee na bei vilikuwa kwao. Pembe tumeachana nazo, na ni vyema. Lakini bado tuna mpingo, mbao ngumu inayopendwa sana na watengeneza visu na zumari wa nchi za nje. Tunapouza kipande cha mpingo, tujiulize kimefikia hatua gani ya kazi, na hatua zilizobaki zitamlipa nani.