Anayetangulia na Anayefuata

Katika shax, mchezo wa jadi wa Wasomali, hakuna kete isogeayo mpaka zote 24 zimekwisha kupangwa, 12 za kila mchezaji. Mstari wa kete tatu ukiundwa wakati wa kupanga hauli kitu papo hapo. Lakini aliyetangulia kuuunda ndiye atakayetangulia kuondoa kete ya mwenzake. Kijana wa Bulla Pesa, katika mji wa Isiolo ambako askari wengi wa Kisomali walipewa makao baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akiketi na mzee kucheza shax hutambua upesi kwamba mchezo huweza kupotea kabla kete haijasogea.

Sataranji nayo ina shida kama hiyo. Ilitoka Bara Hindi, ikapita Uajemi na Arabuni, na Waswahili wakaipokea pamoja na jina lake la Kiarabu. Mwenye kete nyeupe hutangulia. Je, mwenye nyeusi afanyeje? Jibu lililozoeleka Ulaya lilikuwa kulipa sawasawa: askari wa mfalme akija hatua mbili, naye wako aende mbili, wasimame uso kwa uso.

Mwaka 1834 chama cha sataranji cha Paris na cha London vilianza kushindana kwa barua, michezo miwili. Mwaka 1828 chama kingine cha London kilikuwa kimekwisha kushindwa na Edinburgh kwa njia iyo hiyo. Katika mchezo mmoja Paris walishika kete nyeusi, na Jacques Chamouillet akawashauri wenzake wamsogeze askari nyumba moja tu. Ilifanana na woga. London wakaijaza katikati ya ubao kwa askari wa pili. Ndipo askari mwingine wa Paris akaruka hatua mbili kuigombea katikati ile, na yule wa nyumba moja yuko nyuma akimlinda.

Ulinzi huu una gharama yake: kete moja nyeusi iendayo mshazari hufungiwa nyuma ya askari wa kwao. London wangaliweza kuiacha kifungoni. Badala yake wakabadilishana askari, na kwa maoni yangu wakamfungulia adui mlango kwa mkono wao wenyewe. Mashindano yalikwisha mwaka 1836, Paris wakashinda michezo yote miwili. Hatua ile ikaitwa ulinzi wa Kifaransa, na Mrusi Mikhail Botvinnik, aliyepata ubingwa wa dunia mwaka 1948, aliutumia mara nyingi alipokuwa na kete nyeusi.