Nyumba ya Rono na Waliohama

Jioni moja majuzi jirani yangu alibisha hodi akiwa na bahasha mkononi. Binti yake, mkimbiaji wa mita 5,000, alikuwa amepata nafasi ya masomo katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, karo na malazi bure mradi akimbie. Mzee huyo hakuniuliza kuhusu baridi ya huko, wala mitihani, wala nauli. Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Bwana mtangazaji, hapa wameandika kwamba chuo hiki kimo katika muungano fulani wa michezo. Huo muungano ni kitu gani, nao utamhusu vipi mwanangu?"

Nilimwahidi jibu. Nilipoanza kulitafuta nikaona ni refu, tena linawahusu wazazi wengi wenye bahasha kama ile. Ndiyo maana nikalipeleka hewani, na leo liko hapa gazetini.

Marekani ina mamia ya vyuo vikuu vinavyoshindana michezoni, na haiwezekani vyote vikutane na vyote. Kwa hiyo vyuo kadhaa hukaa pamoja, vikawekeana kanuni, vikapanga ratiba, na kila mwaka vikamtafuta bingwa wao. Ni kama shule zetu za sekondari zinavyopambana katika kaunti kabla ya kusonga mbele. Tofauti ni kwamba kule hakuna serikali inayochora mpaka. Chuo huingia kikikaribishwa, na hutoka kikitaka. Shika neno hilo, msomaji: kikitaka.

Hebu tutazame muungano mmoja ambao Mkenya yeyote mpenda riadha anapaswa kuujua, hata kama jina lake ni geni kwake. Ulizaliwa Desemba mwaka wa 1915, katika hoteli moja mjini Portland, jimbo la Oregon. Waasisi walikuwa vyuo vinne vya pwani ya Bahari ya Pasifiki: California cha mjini Berkeley, Washington cha mjini Seattle, Oregon, na chuo cha kilimo ambacho leo huitwa Oregon State. Mwaka wa 1917 kikaingia Washington State, chuo kilichoko Pullman, mji mdogo uliozungukwa na vilima vya mashamba ya ngano, mbali kabisa na bahari. Stanford kikafuata mwaka wa 1918, Southern California na Idaho mwaka wa 1922, Montana mwaka wa 1924, na UCLA cha mjini Los Angeles mwaka wa 1928. Wakawa kumi. Montana kilijitoa mwaka wa 1950.

Waliungana kwa sababu ya ujirani. Timu ilipanda treni, ikacheza, ikarudi darasani.

Lakini penye urembo ndipo penye urimbo. Mwaka wa 1956 ilifichuka kwamba wachezaji wa kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, walikuwa wakilipwa kwa siri kinyume cha kanuni. Vyuo vikubwa vya Los Angeles, Seattle na Berkeley vilinaswa. Adhabu zilipotolewa, lawama zikazuka, na mwaka wa 1959 muungano ukavunjwa. Vile vikubwa vikaunda muungano mpya mwaka huo huo. Washington State kiliachwa nje, pamoja na Oregon, Oregon State na Idaho. Pullman ilisubiri hadi mwaka wa 1962 ndipo ikakaribishwa. Vyuo viwili vya Oregon vilisubiri hadi mwaka wa 1964. Idaho hakikurudi tena. Mwaka wa 1968 kundi hilo la vyuo vinane lilianza kuitwa Pac-8, yaani wanane wa Pasifiki.

Sasa ndipo tunapoingia sisi. Chuo cha mashambani kama kile cha Pullman hakikuwa na mvuto wa Los Angeles. Kocha wake wa riadha, John Chaplin, alitafuta wakimbiaji mahali ambapo wengine hawakujali kutafuta, akaelekeza macho katika nyanda za juu za Bonde la Ufa. Samson Kimobwa alikwenda huko, na mwezi wa Juni mwaka wa 1977, mjini Helsinki, akaweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 30.5. Kabla ya hapo, mwaka wa 1976, alikuwa amefika kijana wa Kinandi, Henry Rono.

Yaliyotokea mwaka wa 1978 yanajulikana, ila ni vyema kuyarudia taratibu. Tarehe 8 Aprili, mjini Berkeley, Rono alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Rekodi ya dunia. Tarehe 13 Mei, mjini Seattle, mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 5.4. Rekodi ya dunia. Tarehe 11 Juni, mjini Vienna, mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 22.5, akiifuta rekodi ya Kimobwa, mwenzake wa chuo kile kile. Tarehe 27 Juni, mjini Oslo, mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 32.1. Rekodi nne katika siku 81!

Tazama tena miji miwili ya kwanza. Berkeley ni nyumbani kwa chuo cha California. Seattle ni nyumbani kwa chuo cha Washington. Rekodi mbili kati ya zile nne ziliwekwa katika miji ya majirani wa Pullman, wanachama wa Pac-8. Montreal Rono hakukimbia mwaka wa 1976, wala Moscow mwaka wa 1980, kwa sababu Kenya ilisusia Michezo ya Olimpiki mara zote mbili. Siasa za mataifa zilimfungia mlango wa Olimpiki. Ratiba ya majirani wa chuo chake ilimpa uwanja.

Mwaka huo huo wa 1978 vyuo viwili vya jimbo la Arizona viliingia, na jina likawa Pac-10. Mwaka wa 2011 vikaingia Colorado na Utah, likawa Pac-12. Muungano huo ulijiita wa mabingwa, wala haukuwa ukijisifu bure, kwani vyuo vyake vimekusanya zaidi ya mataji 500 ya kitaifa katika michezo mbalimbali, mengi yakiwa ya michezo ambayo haijazi viwanja.

Basi ni nini kilichouvunja? Nasema hili nikiwa mtu wa utangazaji, na halinipendezi: ni sisi. Hadi mwaka wa 1984 chama cha michezo ya vyuo cha nchi nzima, NCAA, ndicho kilichoamua ni mechi zipi za kandanda zionyeshwe kwenye runinga. Mwezi wa Juni mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba udhibiti huo ulikuwa ukiua ushindani wa biashara. Tangu hapo vyuo na miungano yao vikawa huru kuuza mechi zao. Ujirani ukaanza kupimwa kwa idadi ya nyumba zenye runinga. Mwaka wa 2011 Pac-12 ilitia sahihi mkataba wa miaka 12 uliosemekana kufikia dola bilioni 3, na sherehe ikafanywa. Muda si muda wapinzani wakapata mikataba minono zaidi.

Tarehe 30 Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, Southern California na UCLA, vilitangaza kwamba vinahamia Big Ten, muungano wa majimbo ya kati uliokuwapo tangu mwaka wa 1896. Julai 2023 Colorado kikaaga. Tarehe 4 Agosti 2023, siku moja tu, vikaondoka vitano: Oregon na Washington kwenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12. Tarehe 1 Septemba Stanford na California vikakubaliwa katika muungano wa pwani ya Atlantiki. Naam, umesoma sawasawa. Vyuo vinavyotazama Pasifiki vimo katika muungano wenye jina la Atlantiki, na Big Ten, yaani Kumi Kubwa, ina wanachama 18. Chuo cha Los Angeles sasa kina mwenzake huko New Jersey, zaidi ya kilomita 3,500. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini huenda inaleta fedha.

Nyumbani walibaki wawili: Oregon State na, kwa mara ya pili katika historia yake, Washington State. Chuo cha Rono.

Rono mwenyewe aliaga dunia Nairobi tarehe 15 Februari 2024. Waliotangaza kuhama waliondoka rasmi Agosti mwaka huo huo. Berkeley alikoweka rekodi ya kwanza iko katika muungano mmoja, Seattle alikoweka ya pili iko katika mwingine, na Pullman iliachwa na vumbi la wasafiri.

Wawili hao hawakukaa kulia. Walikwenda mahakamani katika jimbo la Washington, na kufikia mwisho wa mwaka wa 2023 walikuwa wamethibitishiwa haki ya kuongoza muungano na kusimamia mali yake. Kisha wakabisha hodi kwingine. Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State, Texas State na Gonzaga, hiki cha mwisho bila kandanda, vilikubali kujiunga kuanzia tarehe 1 Julai 2026.

Hata hivyo pengo la fedha halizibwi kwa azma peke yake. Juni 2025 Washington State kilitangaza kwamba kinaacha michezo ya kuruka na kutupa, kinapunguza mbio fupi, na kuelekeza nguvu katika mbio ndefu. Mbio ndefu zilinusurika. Lakini kijana mrusha mkuki aliyekwenda Pullman akiamini kwamba timu itakuwapo hadi mwisho wa masomo yake, yeye tumwambie nini? Kandanda ndiyo iliyovunja nyumba, na aliyepoteza kitanda ni mrusha mkuki.

Hilo ndilo jibu langu kwa jirani. Muungano unaamua mwanao atashindana na nani, atasafiri umbali gani katikati ya mitihani, na chuo kitapata fedha ngapi za kuweka timu isiyoonyeshwa kwenye runinga. Anayeweka sahihi asome jina la chuo, kisha asome pia majina ya majirani wake, na aulize ni nani kati yao anafunga mizigo.

Baada ya kipindi kwenda hewani jirani yangu alinipigia simu. Hakusema mengi. Alisema bintiye ameketi mezani anaandika barua kwa kocha wa chuo kile, na amemwambia aulize jambo moja tu kabla ya yote: je, mwaka wa nne timu ya mbio itakuwapo?