Mbwa ndani ya sweta ya Krismasi: hasira yetu ilitoka wapi?

Kila Desemba picha ni ile ile. Familia imeketi mbele ya mti wa Krismasi, baba, mama na watoto wote wako kwa sweta nyekundu zinazofanana, na katikati yao kuna mbwa. Naye ana sweta yake, na pembe za kitambaa kichwani. Na kila Desemba maoni chini ya hiyo picha ni yale yale. Kuna wa kucheka: huyu mbwa anavaa kunishinda. Kuna wa kuuliza kama pesa zinawawasha. Halafu lazima atokee mmoja mwenye uchungu: kuna watoto hawana sweta, na nyinyi mnavalisha umbwa.

Hao wawili wa kwanza nawaacha. Huyo wa tatu ndiye nataka tuongee naye, kwa sababu ameuliza jambo la maana. Nani anafaa kuvalishwa kwanza? Wengi hudhani swali hilo limeletwa na simu na mitandao. Lina zaidi ya miaka 200, na ukilifuata mahali lilikopitia utaelewa kwa nini sweta ndogo ya mbwa inaweza kumuuma mtu mzima hivyo.

Mwaka ambao mkate ulikuwa ghali

Twende Uingereza, 1795. Nchi iko vitani na Ufaransa, mavuno yameharibika, bei ya ngano imepanda na watu wanafanya fujo sokoni kwa sababu ya mkate. Mwaka uliofuata mbunge mmoja, John Dent, akasimama bungeni akitaka mbwa watozwe kodi. Hoja zake? Mbwa wanakula chakula ambacho kingelisha watu, wanaua kondoo, na wanaeneza kichaa. Si hiyo ni komenti ya Desemba kabisa, ila tu imevaa koti la bunge?

Wenzake walimcheka hadi wakambandika jina, Dog Dent, yaani Dent wa mbwa. Lakini kodi ilipita mwaka huo huo wa 1796, na Waingereza waliendelea kulipia mbwa wao kwa namna moja au nyingine hadi 1987, leseni ilipofutwa ikiwa imebaki pensi 37 tu.

Sasa hapa ndipo pa kuangalia vizuri. Shida ya Dent haikuwa mbwa wa tajiri anayelala kwenye mto wa hariri. Mbwa aliotaka wapungue walikuwa wa maskini. Kwa macho yake, mtu asiye na mkate hana haki ya kufuga kiumbe cha kumpenda bure. Bunge lilisitasita, na mwishowe maskini mwenye mbwa mmoja asiye wa kuwinda akasamehewa. Lakini wazo lenyewe lilibaki: mbwa wa kupendwa tu ni anasa, na anasa ina wenyewe.

Binti wa mfalme na koti jekundu

Miaka 37 baadaye, 1833, kuna msichana wa miaka 13 katika jumba la Kensington, London. Anaitwa Victoria, na bado hajawa malkia. Maisha yake ni ya kifahari lakini hayana watoto wenzake. Analala chumba kimoja na mama yake, na haruhusiwi hata kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Ana wanasesere wa mbao zaidi ya 100, ambao yeye na mlezi wake wamewashonea nguo.

Mwaka huo akapata mbwa, Dash, aina ya spaniel mdogo wa masikio marefu. Mwanzoni alikuwa wa mama yake, lakini binti akamchukua moyo na mwili. Mwezi wa Aprili Victoria aliandika kwenye shajara yake kwamba amemvalisha Dash koti jekundu na suruali ya buluu. Krismasi ya mwaka huo akampa zawadi zake: mipira mitatu na vipande viwili vya keki ya tangawizi.

Mtu anaweza kusema huo ni utoto wa kitajiri tu. Mimi naona zaidi ya hapo. Mwanasesere unamvalisha kwa sababu ni wako. Dash alivalishwa, kisha akatengewa zawadi, kwa sababu Victoria alihitaji mtu wa rika lake ndani ya ile nyumba, na aliyekuwepo ni mbwa. Nguo ilikuwa ya kumpandisha cheo. Kutoka mnyama wa mama, akawa mwenzake. Miaka mitano baadaye, siku ile ya kutawazwa kwake, 28 Juni 1838, inasimuliwa kwamba malkia alirudi nyumbani akaenda kumwogesha Dash.

Kamera ilipoingia

Hadi hapo, ukitaka picha ya mbwa wako lazima umlipe mchoraji. Kamera ilibadilisha hilo, lakini polepole. Kamera za mwanzo zilitaka ukae bila kutikisika kwa sekunde kadhaa. Mtu anaweza. Mbwa je? Ndiyo maana katika picha nyingi za zamani familia imetokea vizuri na mbwa ametokea kama moshi.

Kadi za Krismasi nazo zilikuwa zimeanza kuuzwa London mwaka wa 1843. Miaka ya 1870, mpiga picha mmoja wa Brighton, Harry Pointer, akaunganisha hayo mawili. Alipiga picha za paka wakiwa kama watu, wengine juu ya baiskeli, wengine wakinywa chai, kisha akaandika salamu chini yake, kama heri ya Mwaka Mpya. Zikawa biashara.

Lakini aliyefanya nguo zenyewe ziwe kazi ya maisha ni Mmarekani, Harry Whittier Frees, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka wa 1879. Husimuliwa kwamba yote yalianza mezani kwenye sherehe ya kuzaliwa, karibu 1905. Kofia ya karatasi ilikuwa inazungushwa watu wakichekana, ikatua kwa kichwa cha paka wa nyumbani, na Frees akachukua kamera. Kuanzia hapo akawa anapiga picha watoto wa paka na watoto wa mbwa wakiwa wamevaa gauni, aproni na kofia, wakifua, wakipika, wakienda shule. Mama yake alikuwa mmoja wa waliomshonea hizo nguo. Mwaka wa 1915 akatoa kitabu kizima cha picha hizo.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Kamera yake ilihitaji mnyama atulie kwa sehemu moja ya tano ya sekunde. Inasikika kidogo, lakini jaribu na mtoto wa mbwa. Picha nyingi kuliko alizobakisha ziliishia kutupwa, na kazi hiyo aliifanya miezi michache tu kwa mwaka kwa sababu ilimmaliza akili. Aliandika kwamba siri yake ilikuwa subira na upole. Wengine wakiziangalia leo wanaona macho ya mnyama aliyeganda kwa woga. Mimi naona vyote viwili, inategemea picha.

Kitu kimoja hakina ubishi. Nguo alizochagua Frees zilikuwa za nyumba ya Mmarekani wa kawaida, si za kasri. Yule mbwa wa aproni alikuwa mtoto wa jirani. Na miaka michache tu baadaye nguo ya mbwa ikabeba uzito mwingine. Sergeant Stubby, mbwa koko aliyefuatana na wanajeshi wa Marekani hadi Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alishonewa koti na wanawake wa mji wa Château-Thierry. Juu ya hilo koti zikapachikwa nishani zake. Alikufa 1926, na mwili wake uliohifadhiwa uko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Bila koti, Stubby ni mbwa wa barabarani. Ndani ya koti, ni askari mwenzao.

Umeona mstari unaotuunganisha? Victoria, Frees, wanajeshi wa Stubby: kila mmoja anatumia nguo kusema huyu ni wetu.

Sasa turudi nyumbani

Huku kwetu mbwa hakuanza na mlango wa ndani. Kwa wafugaji na wawindaji wengi alikuwa mfanyakazi: alinde mifugo, afuate mawindo, abweke usiku. Alipewa jina na mabaki ya chakula, na akalala nje, na hakuna aliyeona hapo kuna ukatili. Pwani kuna jambo lingine. Waislamu wa madhehebu ya Shafi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Kwa hivyo mbwa kwenye zulia la sebuleni Lamu si swali la pesa hata kidogo.

Mbwa wa ndani ya nyumba, mwenye picha na mwenye jina la ukoo, wengi wetu tulimwona kwanza kwa walowezi. Karen Blixen alipokuja kuanza maisha chini ya vilima vya Ngong mwaka wa 1914, alikuwa na mbwa wake mkubwa wa aina ya Scotland, Dusk, zawadi ya harusi. Amemwandika kwa upendo, na sina ugomvi na upendo huo. Lakini kumbuka nyumba za walowezi zilivyojengwa. Mbwa alilala ndani karibu na moto. Aliyepika chakula cha huyo mbwa alilala kwa kibanda cha nyuma, kile ambacho mpaka leo kwenye matangazo ya nyumba tunakiita SQ. Na getini kukawekwa kibao ambacho hakijaondoka hadi leo: MBWA KALI. Mtu aliyekuwa akipita njia alijua hicho kibao kimeandikiwa nani.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya hasira. Babu zetu walimwona mbwa akipewa nafasi ambayo wao walinyimwa. Jambo la namna hiyo halisahauliki kwa vizazi viwili.

Sehemu ya pili ni nguo yenyewe. Kwa familia nyingi za Kenya nguo mpya zilikuja mara moja kwa mwaka, na zilikuja Krismasi. Zilinunuliwa kubwa ili zifike mwaka ujao. Ukizivaa unapelekwa studio ya pale sokoni, unasimama wima mbele ya pazia lililochorwa maua, mkono begani kwa ndugu yako. Mwenye nguo ya Krismasi ni mtoto wa hiyo nyumba. Yule binamu aliyeletwa kukaa kwenu akasahauliwa kununuliwa, hata kama hakuna aliyesema neno, alikuwa ameshaelewa.

Kwa hivyo ukimvalisha mbwa sweta ya Krismasi, kwa macho ya Mkenya hujafanya mzaha. Umempa kiti cha mtoto. Ndiyo maana inauma.

Maoni yangu

Sitamwambia mtu asimvalishe mbwa wake. Ile hoja ya John Dent, kwamba mpaka wote washibe ndipo tupende wanyama, haikujaza sahani ya mtu 1796 na haitajaza leo. Aliyekosa sweta hatapata kwa sababu wewe umevua ya mbwa.

Lakini kuna mambo ya kuzingatia. Hiyo sweta ya kulungu na theluji ilibuniwa kwa baridi ya Desemba ya ulaya. Desemba yetu ni jua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hupoza joto kwa kuhema, na yule Japanese Spitz wa Nairobi tayari amevaa koti lake la manyoya. Mbwa akijiramba midomo bila chakula, akipiga miayo, akikunja masikio nyuma na kukuangalia kwa weupe wa macho, hiyo si tabasamu, anakuomba umvue. Piga picha mbili, mvue. Na kabla ya sweta kuna chanjo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mwaka wa 1912 na hatujakimaliza. Serikali imejiwekea 2030, na hilo linahitaji asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, pamoja na wale koko wasio na sweta wala Instagram.

La mwisho ndilo kubwa kwangu. Kama nguo na picha ni njia ya kusema huyu ni wetu, basi angalia tena picha yako ya mwaka jana. Baba yuko, mama yuko, watoto wako, mbwa yuko. Nani alishika simu? Mara nyingi ni yule dada anayelea hao watoto, anayempikia huyo mbwa, na ambaye akimaliza kupiga anarudi jikoni. Tumejenga upya nyumba ya mlowezi bila kujua, ila safari hii sisi ndio tuko kwenye veranda.

Mbwa mwachie sweta yake kama ameridhika nayo. Halafu egemeza simu kwenye kiti, weka sekunde 10, na umwite dada aje asimame katikati.